Mume Mjerumani, safari ya Hispania: viza ya mke inalipiwa au hailipiwi?

Msomaji wa Arusha anauliza: "Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni Mjerumani. Tulifunga ndoa bomani na tunaishi hapa hapa. Julai tunakwenda Hispania wiki mbili, halafu siku tano Ujerumani kwa wakwe zangu. Rafiki yangu aliyeolewa na Mholanzi alikwenda Ufaransa bila kulipa ada ya viza wala kuonyesha taarifa ya benki. Mimi kituo cha maombi wamenitaka euro 90, bima, taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Nani mkweli? Na mwakani mume anataka tuhamie Ayalandi. Tukiwa huko, bado nitaomba viza kila safari?"

Jibu:

Dada, rafiki yako hakukudanganya, na kwa safari ya Julai unastahili alichopata yeye. Aliyekujibu kituoni alikusomea orodha ya mwombaji wa kawaida, na wewe kwa safari hii si mwombaji wa kawaida. Ila kuna sharti linalowaponza wengi: haki hii haitokani na kuolewa na Mzungu wa Umoja wa Ulaya peke yake. Inatokana na yeye kwenda nchi mwanachama isiyo yake, na wewe kufuatana naye.

Sheria yenyewe ni Agizo 2004/38 la Umoja wa Ulaya, la tarehe 29 Aprili 2004, linalohusu uhuru wa raia na familia zao kutembea na kuishi. Kifungu cha 3 kinasema linamhusu raia anayekwenda au kuishi katika nchi mwanachama isiyo ya uraia wake, pamoja na wanafamilia wanaofuatana naye au wanaomfuata. Mjerumani akienda Hispania ametumia uhuru wake, na mkewe anabebwa na uhuru huo. Mjerumani huyo huyo akirudi Ujerumani hajatumia uhuru wowote wa Ulaya, amerudi kwao tu, na mkewe anashughulikiwa kwa masharti ya kawaida ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja: ada ya euro 90 (ndiyo ada ya mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024), bima ya angalau euro 30,000, uthibitisho wa fedha, na maswali ya kama utarudi Tanzania. Baadhi ya nchi, Ujerumani ikiwamo, huwasamehe ada wenza wa raia wao wenyewe, lakini hiyo ni hiari ya nchi husika. Rafiki yako alipita vizuri kwa sababu Mholanzi wake alikwenda Ufaransa. Wangekuwa wanakwenda Amsterdam, Agizo hili lisingemsaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza si karatasi gani upeleke, ni ubalozi gani uende. Kanuni ya viza ya Schengen inasema maombi yanapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari, kwa kuhesabu siku au kwa kuangalia lengo la safari. Siku 14 Hispania na siku 5 Ujerumani: kituo kikuu ni Hispania, na ubalozi wa Hispania ndio wenye mamlaka. Viza watakayokupa inafaa eneo zima la Schengen, kwa hiyo zile siku tano kwa wakwe hazihitaji viza nyingine. Mngekuwa mnakaa Ujerumani siku kumi na Hispania siku tatu, ungepaswa kwenda kwa Wajerumani na kutimiza masharti ya kawaida kama wengine. Msije mkabandika hoteli za uongo za Hispania ili mkwepe masharti huku safari halisi ni ya Ujerumani. Viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kubatilishwa mpakani, na rekodi hiyo inabaki kwenye mfumo wa viza, ambako balozi nyingine nazo wataiona.

Sasa karatasi. Afisa wa ubalozi anatakiwa kujiuliza maswali matatu tu. Je, yupo raia wa Umoja wa Ulaya ambaye haki inatokana naye? Je, mwombaji ni mwanafamilia kwa maana ya Agizo, yaani mke au mume, mtoto wa chini ya miaka 21 au anayetegemea, mzazi anayetegemea? Je, anasafiri pamoja na raia huyo au anamfuata kule aliko? Majibu yakiwa ndiyo matatu, kazi ya kuthibitisha imekwisha. Unabaki na pasipoti yako halali, picha za milimita 35 kwa 45, na alama za vidole. Alama za vidole husamehewi. Lakini kama ulishawahi kuzitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, zinaweza kutumika zile zile.

Swali la kwanza linajibiwa na nakala ya pasipoti au kitambulisho cha taifa cha mume. Chukua na ile halisi kama anaweza kukuachia kwa siku moja, maana baadhi ya maafisa hutaka kulinganisha. La tatu linajibiwa na tiketi au buking ya mume ya tarehe zile zile, na barua fupi aliyosaini akisema kwamba anasafiri nawe kwenda Hispania kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Akitangulia, weka ushahidi kwamba atakuwa Hispania utakapofika. Kinachokataliwa ni wewe kutangulia peke yako, au kwenda wakati yeye amebaki Arusha. Hapo hakuna wa kumfuata, na unarudi kwenye orodha ndefu.

Swali la pili ndilo linaloangusha watu wa kwetu, na si kwa ubaya wa ubalozi.

Cheti chenu cha bomani ni kizuri. Hakikisha kimesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwamba majina yaliyomo yanafanana na ya pasipoti herufi kwa herufi. Pasipoti ikisema Mohamed na cheti kikisema Mohammed, au umeolewa kwa jina la baba na pasipoti mpya imetoka na jina la mume, tengeneza hati ya kiapo cha majina kwa wakili kabla ya kwenda, usingoje uulizwe. Kwa wasomaji wengine: ndoa ya kanisani au msikitini iliyofungwa na mwenye leseni ya kufungisha ndoa inakubalika pia, mradi cheti chake kimesajiliwa. Ndoa ya kimila bila usajili ndiyo yenye shida. Mahari ililipwa, wazee walikaa, picha zipo, lakini hakuna cheti. Na bila cheti afisa hana cha kushika. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa za kimila nazo zinatakiwa kusajiliwa, na Tanzania nayo ina utaratibu wake wa kuzisajili. Sajilini kwanza, viza baadaye.

Kuna na hili la mitala. Nchi za Ulaya hazilazimiki kuitambua ndoa ya wake wengi hata kama ilifungwa kihalali huku. Cheti cha Tanzania huonyesha kama ndoa ni ya mke mmoja au inaruhusu wake wengi, na ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya aina ya pili isipothibitishwa vinginevyo. Hilo peke yake si kosa. Kinachokwamisha ni mume kuwa na mke mwingine hai ambaye hajaachana naye. Aliye mke pekee aambatanishe kiapo cha mume kinachosema hivyo, maneno yaishe.

Tafsiri na mihuri: sheria inaruhusu ubalozi kudai tafsiri au uthibitisho wa cheti pale wasipoielewa lugha yake, au wanapokuwa na shaka na mamlaka iliyokitoa. Cheti kilichoandikwa Kiingereza mara nyingi kinapita. Kilichoandikwa Kiswahili tupu kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Kupigisha muhuri Wizara ya Mambo ya Nje ni busara kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko safari ya pili ya basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam.

Fomu ya maombi ni ile ile ya Schengen, ila inajazwa tofauti. Namba 17 inadai taarifa za mwanafamilia ambaye ni raia wa Ulaya: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya pasipoti. Namba 18 inauliza uhusiano wenu. Weka alama kwenye mwenza. Halafu tazama nyota ndogo pembeni ya namba 21, 22, 30, 31 na 32: kazi yako, mwajiri wako, aliyekualika au hoteli, kampuni iliyokualika, na nani analipia safari. Maelezo ya fomu yenyewe yanasema wanafamilia wa raia wa Ulaya hawajazi sehemu hizo. Ziache wazi. Watu huzijaza kwa wema, halafu afisa anaanza kuhoji mshahara ambao hakupaswa hata kuuona. Ukiziacha wazi na namba 17 na 18 zimejaa, fomu yenyewe inamweleza anayeisoma kwamba ombi hili linaenda kwa njia nyingine.

Bima huhitaji kwa ajili ya viza. Nunua kwa ajili ya afya yako, kwa sababu bili ya hospitali ya Barcelona haiulizi umeolewa na nani.

Kituoni sasa. Balozi nyingi zimeipa kampuni binafsi kama VFS Global kazi ya kupokea maombi. Mwongozo wa Tume ya Ulaya unasema mwanafamilia hapaswi kulazimishwa kupitia kampuni hiyo: anayo haki ya kupeleka ombi moja kwa moja ubalozini. Akichagua kupitia kituo kwa sababu ni karibu au miadi inapatikana haraka, viza inabaki bure, ila ada ya huduma ya kituo anaweza kutozwa. Ushauri wangu: andika barua pepe ubalozini kwanza, mistari mitano, ukitaja uraia wa mume, tarehe za safari, na kwamba unaomba kama mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya chini ya Agizo 2004/38, omba wakueleze siku ya kuleta ombi. Ichapishe barua hiyo na jibu lake uende navyo. Mhudumu wa dirishani hufuata orodha aliyopewa, hana mamlaka ya kuamua lolote, na kubishana naye ni kupoteza pumzi. Akisema bila taarifa ya benki hapokei, mwombe aandike kwenye fomu yake kwamba karatasi hiyo haikuletwa kisha apeleke faili hivyo hivyo. Anayeamua yuko ubalozini.

Muda: sheria inataka viza itolewe haraka iwezekanavyo, kwa utaratibu wa mkato, na zaidi ya siku 15 lazima pawe na sababu ya maana. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Kwa Julai, mimi ningepeleka mwanzoni mwa Mei, kwa kuwa kinachokula siku mara nyingi ni miadi yenyewe.

Wakikataa? Sababu zinazokubalika ni chache: umeshindwa kuthibitisha moja ya yale matatu, au wewe binafsi ni tishio la kweli kwa usalama, utulivu au afya ya umma, au ndoa ni ya kughushi kwa ajili ya karatasi. Kukosa fedha si sababu. "Hatuna hakika utarudi kwenu" pia si sababu, ingawa ndilo jibu ambalo waombaji wa kawaida hupewa sana. Hata jina lako kuwemo kwenye orodha ya tahadhari ya Schengen hakutoshi peke yake: mwaka 2006, katika kesi C-503/03, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiambia Hispania kwamba ilikosea kuwakatalia Waaljeria wawili, waume wa raia wa Hispania, kwa kuangalia orodha tu bila kuchunguza kama kweli ni tishio. Uamuzi wa kukataa lazima uandikwe, uwe na sababu kamili, na useme wapi pa kukata rufaa na ndani ya siku ngapi. Sambamba na rufaa, mume aandikie SOLVIT, huduma ya bure ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia nchi mwanachama inapokosea kutumia sheria za Ulaya. Hulenga kumaliza jambo ndani ya wiki kumi. Wakati mwingine barua yao moja inatosha kuufanya ubalozi ufungue faili upya. Ila ukishafikisha shauri mahakamani, wao hujitoa.

Mpakani Hispania, piteni pamoja kwenye foleni ya raia wa Ulaya, mwanafamilia anaruhusiwa. Kwa kuwa unaingia kwa viza, mfumo mpya wa kuingia na kutoka, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, utakuchukua picha ya uso; alama zako za vidole tayari ziko kwenye mfumo wa viza. Cheti cha ndoa kiwe mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa.

Wasomaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nao huuliza kuhusu kupita tu uwanja wa ndege. Raia wa Kongo hiyo, tofauti na Watanzania na Wakenya, wanadaiwa viza ya kupita hata wasipotoka uwanjani katika nchi za Schengen. Mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya amesamehewa viza hiyo. Aonyeshe cheti cha ndoa na pasipoti ya mwenza wakati wa kujiandikisha kwa ndege, na kama anaunganisha ndege mbili, apeleke swali kwa shirika la ndege siku chache kabla. Shirika likimbeba mtu asiye na viza inayotakiwa hupigwa faini ya maelfu ya euro, ndiyo maana watu wa kaunta ni wagumu kuliko hata askari wa mpakani.

Turudi kwako: Ayalandi. Hiyo iko Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, kwa hiyo viza yake ni nyingine, na inaombwa mtandaoni kwao wenyewe. Nayo ni ya bure kwako, kwa sababu Mjerumani anakwenda nchi isiyo yake. Usikubali kuambiwa lazima uombe kwanza viza ya makazi ya muda mrefu: unachohitaji ni viza ya kuingia, na mengine yanamalizwa ukiwa ndani. Wala si lazima uwe umewahi kuishi kihalali Ulaya kabla. Sheria ya Ayalandi ndiyo iliyokuwa na sharti hilo, na Mahakama ikalikataa katika kesi ya Metock, Julai 2008.

Miezi mitatu ya kwanza mnakaa kwa pasipoti tu. Baada ya hapo mume lazima awe ameajiriwa, amejiajiri, anasoma akiwa na bima na fedha, au anajitosheleza. Wewe unajaza fomu ya EU1 na kuomba kadi ya ukaazi ya mwanafamilia wa raia wa Umoja, inayotakiwa kutoka ndani ya miezi sita. Kwa Ayalandi kadi hiyo huandikwa Stamp 4 EU Fam. Wakati unasubiri utapewa karatasi ya kuonyesha kwamba ombi limepokelewa. Karatasi hiyo si kadi, na haikusamehi viza ya nchi nyingine. Wanaoichukulia kama kadi huachwa uwanja wa ndege wa Dublin wakiwa na tiketi mkononi.

Ukishaipata kadi yenyewe, ile inayotajwa na kifungu cha 10 cha Agizo, huombi tena viza ya Schengen unaposafiri na mume au unapomfuata. Hilo linagusa hata Ujerumani kwao: mwaka 2014, katika kesi ya McCarthy, Mahakama ilisema Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa mwanachama, haikuweza kumdai viza Mkolombia aliyeolewa na raia wake na mwenye kadi ya aina hiyo iliyotolewa Hispania. Na ukifikisha miaka mitano ukapewa kadi ya ukaazi wa kudumu, msamaha ni ule ule. Hilo lilisemwa mwaka 2020 baada ya Hungaria kuitoza faini Ryanair kwa kumbeba abiria mwenye kadi hiyo bila viza, na Mahakama ikaona kadi ilitosha.

Ila neno "na mume" lina uzito. Kadi yako itakuwa imetolewa na nchi isiyo ya Schengen. Ukitaka kwenda peke yako Paris kumwona dada yako huku mume amebaki kazini Dublin, utahitaji viza ya Schengen. Angekuwa mume amepata kazi Hispania na kadi ikatoka huko, ungezunguka Schengen yote peke yako bila viza, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ikiwa bado hamjaamua pa kuhamia, jambo hilo liwekeni mezani.

Mwisho ni Uingereza, ambayo inasahaulika kwa sababu iko jirani na Dublin. Tangu tarehe 31 Desemba 2020 sheria hizi hazifanyi kazi huko kwa wasafiri wapya. Kadi yako ya Ayalandi haitakuingiza London, na utaomba viza ya Uingereza kama Mtanzania yeyote. Ni hivyo hivyo kwa Belfast. Basi la Dublin kwenda Belfast halisimami mpakani na hakuna anayekagua pasipoti, kwa hiyo watu hupanda tu; lakini ukivuka bila viza umeingia Uingereza kinyume cha sheria, na ukikaguliwa huko swali la kwanza litakuwa viza iko wapi.